Taa Haipenyi Maji Meusi: Kusafisha Maji ya Rangi za Nguo kwa Urujuanimno na Peroksaidi

Mtambo wa kusafisha maji ya rangi za nguo kwa urujuanimno (mwanga usioonekana kwa macho) na hidrojeni peroksaidi ukilaumiwa kuwa haufanyi kazi, mara nyingi taa ni nzima. Umelishwa tu maji meusi kupita kiasi.

Taa haiunguzi rangi moja kwa moja. Mwanga wa nanometa 254 kutoka taa ya zebaki huvunja molekuli ya peroksaidi na kuzaa radikali mbili za hidroksili, yaani vipande vikali vinavyoitikia upesi sana, nazo ndizo zinazoishambulia rangi. Lakini peroksaidi hufyonza mwanga huo kidogo sana: kwa miligramu 500 kwa lita, ufyonzaji wake ni kama 0.27 kwa sentimita (kwa kipimo hiki, kila 1 inayoongezeka huacha sehemu ya kumi tu ya mwanga ipite). Ikiwa rangi na uchafu wake vinafyonza 2, peroksaidi inaambulia asilimia 12 hivi ya mwanga, na zaidi ya asilimia 99 ya mwanga wote huishia katika sentimita ya kwanza. Maji yaliyo nyuma ya hapo yako gizani. Shusha ufyonzaji wa maji hadi 0.5, na mgawo wa peroksaidi unafika asilimia 35, kwa umeme uleule. Pima kwa spektrofotometa, chombo cha kupima mwanga unaofyonzwa, kwenye nanometa 254; jicho hudanganya.

Kwa hiyo anza kwa kuchuja nyuzi na kugandisha kwa shabu au kloridi ya chuma. Rangi zisizoyeyuka hushuka vizuri na tope. Rangi tendanishi za pamba, zinazojifunga kikemia kwenye uzi, huyeyuka mno na nyingi hubaki majini. Hizo ndizo za kuachia taa.

Halafu magadi. Maji ya rangi tendanishi hutoka na pH ya 10 au 11, yamejaa kaboneti ya magadi hayo, na kaboneti hunyakua radikali kabla hazijaigusa rangi. Shusha pH hadi 4 kwa asidi ya salfuriki, taratibu kwa sababu ya povu, kisha puliza hewa ili kaboni dioksaidi itoke. Usitumie asidi ya hidrokloriki, inaongeza kloridi: chumvi iliyomo tayari inatosha kuleta misombo ya klorini usiyoitaka.

Kipimo cha miligramu 500 kwa lita ni lita 1.5 za peroksaidi ya asilimia 30 kwa mita moja ya ujazo. Jaribu kwanza 250, 500 na 1,000 katika maabara. Ukizidisha, peroksaidi yenyewe hula radikali na kasi hushuka. Pipa lake liwe na tundu la kupumulia, lisiguse chuma wala shaba. Taa isiwashwe kifuniko kikiwa wazi. Macho huungua bila onyo.

Kasi ya kusafisha ikififia wiki baada ya wiki, kagua mrija wa kwatzi unaoifunika taa. Chuma na kalisi hujenga ukoko juu yake. Usugue kwa asidi ya sitriki.

Rangi hupotea mapema, kaboni husalia. Kifungo cha azo, kiungo cha nitrojeni mbili kinachoipa rangi weusi au wekundu wake, kikikatika maji hung'aa, ilhali vipande vyake, pengine amini zenye sumu, bado vimo. Pima kaboni ya kikaboni, yaani kaboni iliyobaki kwenye vipande hivyo. Ukipima mahitaji ya oksijeni ya kikemikali (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali), kumbuka kila miligramu ya peroksaidi iliyobaki huongeza takriban 0.47 kwenye jibu. Iondoe kwanza peroksaidi hiyo kwa katalesi, kimeng'enya kinachoivunja, baada ya kurudisha pH hadi 7. Fanya hivyo pia kabla ya kupeleka maji kwenye bwawa la bakteria, la sivyo utawaua.