Keki za Pasaka ya Kiyahudi bila gluteni: sheria mbili kwenye bakuli moja

Sikukuu ya Purim, inayotangulia Pasaka ya Kiyahudi kwa takriban mwezi mmoja, ikishapita, maagizo ya keki za Pasaka ya Kiyahudi huanza kumiminika jikoni kwetu hapa London, na wateja wageni huniuliza swali lilelile: kama sikukuu yenyewe inakataza mkate, si kila kitu kitakuwa hakina gluteni? Hapana. Mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo huumizwa na gluteni, akiamini hivyo, anaweza kuumwa tumbo sikukuu nzima.

Anayeepuka gluteni anakimbia protini iliyo kwenye ngano, shayiri na rai. Sheria ya Pasaka haishughuliki na protini. Inataka kujua ni nafaka gani, na imekaa na maji kwa muda gani. Nafaka zenyewe ni tano: ngano, shayiri, spelti, rai na oti. Unga wake ukilowa ukaachwa kwa dakika 18 bila kuokwa, umeshakuwa hametsi, na hametsi hailiwi wala haiwekwi nyumbani kwa siku saba, au nane kwa wengi walio nje ya Israeli. Unga huohuo wa ngano ukikandwa upesi na kuokwa kabla ya muda huo kwisha, ndiyo matsa, mkate usiotiwa chachu. Matsa nayo husagwa ikawa unga wa keki. Kwa hiyo pakiti yenye muhuri wa kosha (halali kwa sheria ya Kiyahudi) kwa Pasaka inaweza kuwa ngano tupu.

Upande wa pili pia una mitego. Unga usio na gluteni unaouzwa madukani mara nyingi ni mchele, wanga wa mahindi na zanthani, gundi ya kushikanisha unga. Tangu karne ya 13 hivi, Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, wameshika desturi ya kutokula kitniyoti wakati wa Pasaka: mchele, mahindi, maharage, dengu na jamaa zake. Wasefardi wengi, yaani Wayahudi wenye asili ya Uhispania na Ureno, hula mchele, ila huuchambua mara tatu isije ikabaki punje ya ngano. Mwaka 2015 kamati ya sheria ya vuguvugu la Kiyahudi la Conservative huko Marekani iliruhusu kitniyoti. Ndiyo maana kabla ya kupima chochote namuuliza mteja: kwenu mnakula mchele?

Oti ndiyo inayonivutia kuliko zote. Imo katika zile nafaka tano, lakini kwa asili haina gluteni ya ngano. Biskuti ya oti safi inaweza kupita kipimo cha Ulaya cha miligramu 20 za gluteni kwa kilo, na bado ikawa hametsi kamili. Lakini usiku wa Seder, mlo wa ibada unaofungua Pasaka, kila mmoja anatakiwa kula matsa angalau kiasi cha zeituni, na matsa haitengenezwi kwa viazi wala mchele. Talmudi, kitabu cha kale cha mijadala ya sheria za Kiyahudi, inaeleza kwamba matsa hutoka kwenye nafaka inayoweza kuchachuka. Mchele, inasema, huoza tu. Kwa mgonjwa wa siliaki, basi, mlango uliobaki ni matsa ya oti iliyolindwa tangu shambani isichanganyike na ngano. Ni ghali, ngumu, na ina uchungu kidogo, lakini nimeona watu wakiishika kwa mikono miwili. Wapo wataalamu wanaobisha kwamba nafaka ya tano ya marabi haikuwa oti, na wapo wagonjwa wachache ambao hata oti safi inawadhuru. Hao wazungumze na daktari na rabi wao, si na mwokaji.

Kwa keki, tegemeo langu ni mayai, lozi na wanga wa viazi. Wahasidi wengi, yaani Wayahudi wa vuguvugu moja la kimapokeo, hawalowanishi matsa wakati wa Pasaka, kwa hiyo waokaji wao walizoea kufanya kazi bila unga wa nafaka zamani kabla neno gluteni halijafika kwenye lebo. Natumia mayai 6, sukari gramu 180, lozi za kusaga gramu 150, wanga wa viazi gramu 60, na maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Piga viini na nusu ya sukari mpaka vipauke, piga ute na sukari iliyobaki mpaka usimame, kisha changanya vyote kwa mwiko mpana bila kuvunja povu. Oka kwa nyuzi 170 kama dakika 40. Hakuna gluteni ya kushika umbo. Hewa ya mayai ndiyo inayoinua, na wanga hunywa maji na kuganda karibu wakati mmoja na mayai. Ukifungua oveni mapema, katikati inabonyea. Usitie siagi kama keki italiwa baada ya nyama, kwa kuwa sheria ya kosha haichanganyi maziwa na nyama.

Beking pauda haikatazwi, ingawa inaumua. Angalia tu isiwe imechanganywa na wanga wa mahindi. Sukari ya unga ina tatizo hilohilo, kwa hiyo mimi husaga yangu.

Wasomaji wa kwetu huniuliza kuhusu muhogo. Si nafaka wala si kitniyoti, na wanga wake hutoa mikate midogo inayovutika vizuri ukiukanda na mayai na mafuta. Lakini usinunue unga wa muhogo wowote dukani: mara nyingi kinu kilichousaga kimesaga pia mahindi au ngano. Tafuta wenye muhuri wa Pasaka na maandishi ya bila gluteni kwenye pakiti moja, na ununue kabla sikukuu haijaingia.