Chumba baridi si lazima kiwe na hewa safi

Joto la Mtwara likipamba moto, mtu akiingia ofisini akakuta kiyoyozi kinanguruma hushusha pumzi: "Afadhali, huku kuna hewa!" Kuna ubaridi. Hewa ni habari nyingine.

Wengi wanaamini kiyoyozi kinavuta hewa ya nje. Hivi vya ukutani vilivyojaa maofisini na kwenye gesti kwa kawaida havivuti. Kinachopita bombani kati ya kipande cha ndani na cha nje ni gesi ya kupozea tu. Hewa ya chumbani inanyonywa, inapozwa, inarudishwa humo humo. Mkijifungia watu kumi tangu asubuhi, kufika saa sita mnavutiana pumzi. Feni nayo inazungusha ile ile.

Anayebisha atafute kipimo kidogo cha kabonidioksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua. Nje kitasoma karibu sehemu 420 kwa milioni. Ndani kikivuka 1,000, hewa haibadilishwi vya kutosha. Fungua mlango na dirisha la upande wa pili, uone namba inavyoporomoka. Ila namba ndogo isikulevye: kipimo hicho hakioni vumbi, wala kaboni monoksaidi, ambayo ina kifaa chake.

Na hiyo ndiyo inayoua. Wapo wasemao: "Mkaa ukishakolea hauna madhara, mbona hautoi moshi?" Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na jiko la mkaa mwekundu huitoa hadi linapozimika. Usilale nalo ndani. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Kufukiza udi hakusafishi hewa; ni kuongeza moshi. Kijiti chake lakini kinafaa kwa kazi nyingine: kishike dirishani kikifuka, utaona upepo unaingia, unatoka au umelala. Dirisha moja, hata liwe pana vipi, mara nyingi halitoshi, maana upepo unataka na pa kutokea. Nyumba nyingi za udongo zina uwazi kati ya ukuta na paa. Tukijenga za kisasa tunaziba juu kwa silingibodi, kisha tunalalamikia joto.

Kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba, salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, haijawa salama eti kwa kuwa mfuko umefungwa kamba. Unga wake hupenya na kuwasha macho, koo na kifua. Hapo kufungua dirisha hakutoshi: mifuko itoke chumba cha kulala, ikakae stoo ya nje.