Maana ya wanandoa kuwasilisha ritani tofauti za kodi ya mapato ya jimbo

Nchini Marekani mtu anaweza kudaiwa kodi ya mapato na zaidi ya mamlaka moja. Serikali kuu hutoza kodi yake, kisha jimbo analoishi au analofanyia kazi hutoza yake kwa sheria zake, na kila mamlaka hutaka ritani, yaani taarifa ya mwaka ambamo mlipakodi hueleza mapato aliyopata, makato anayoruhusiwa na kodi aliyokwisha kukatwa kwenye mshahara. Wanandoa wanaposemwa kuwa wamewasilisha ritani tofauti za jimbo, maana yake ni kwamba mume na mke wamelipelekea jimbo kila mmoja hesabu ya mapato yake mwenyewe, badala ya kuyajumlisha mapato ya wote wawili katika ritani moja yenye sahihi mbili.

Kutenganisha ritani si kutengana. Nalisema hili mapema kwa sababu katika Kiswahili mume na mke "waliotengana" ni watu ambao ndoa yao imeingia matatani, na maana hiyo huwafanya baadhi ya watu wakatae hata kulizungumza jambo hili nyumbani. Sheria ya kodi haimuulizi mtu kama anapatana na mwenzake. Swali lake la msingi ni kama tarehe 31 Desemba ya mwaka husika alikuwa ndani ya ndoa. Aliyefunga ndoa siku hiyo ya mwisho huhesabiwa kuwa na mwenzi kwa mwaka mzima, na ambaye talaka yake ilikamilika kabla ya mwaka kwisha huhesabiwa kuwa hana mwenzi kwa mwaka mzima. Wenye ndoa, kwa kawaida, hubaki na njia mbili, ritani ya pamoja au ritani tofauti.

Yapo majimbo ambayo suala hili halina uzito wowote kwa mtu anayeishi kwa mshahara. Texas, Florida, Tennessee, Washington, Nevada, Alaska, Wyoming, South Dakota na New Hampshire hayatozi kodi ya mapato kwenye mishahara. Kwingineko kanuni iliyoenea ni kwamba ritani ya jimbo hufuata ile ya serikali kuu: waliowasilisha pamoja huko juu huwasilisha pamoja na jimboni, na waliotenganisha huko hutenganisha na hapa. Ohio, ambako wako Waafrika Mashariki wengi katika mji wa Columbus, hufuata kanuni hiyo, na Minnesota vilevile. Kwa hiyo swali la kwanza si kama kutenganisha kuna faida, bali kama jimbo lenyewe linaruhusu wanandoa wawe na ritani moja kwa serikali kuu na mbili kwa jimbo.

Majimbo machache yamebuni njia ya katikati. Arkansas, Missouri na Delaware yana fomu moja yenye safu mbili, moja ya mume na nyingine ya mke, ambamo kodi hukokotolewa kwa kila mtu peke yake ingawa karatasi ni moja. Iowa nayo ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo mpaka ilipoufuta kuanzia mwaka wa kodi wa 2023.

Sababu ya kuwepo kwa safu hizo inaonekana mtu akifanya hesabu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, jimbo linatoza asilimia 2 kwenye dola 10,000 za kwanza na asilimia 5 kwenye kila dola inayozidi hapo, na ngazi hizo ni zilezile kwa mwenye ndoa na asiye na ndoa. Mume anapata dola 60,000 na mke 40,000. Wakijumlisha, dola 10,000 za kwanza zitatozwa dola 200 na zile 90,000 zilizobaki zitatozwa 4,500, jumla 4,700. Wakitenganisha, kila mmoja anaanza upya katika ngazi ya chini: mume atalipa 2,700 na mke 1,700, jumla 4,400. Dola 300 zimebaki nyumbani kwa sababu tu ngazi ya chini imetumiwa mara mbili. Hesabu hii hugeuka pale ambapo jimbo limewapa wanandoa wa ritani ya pamoja ngazi zenye upana maradufu; hapo, ikiwa mmoja anapata sana na mwenzake kidogo, ritani ya pamoja ndiyo yenye nafuu.

Pennsylvania ni tofauti na yote hayo, kwani hutoza kiwango kimoja cha asilimia 3.07 kwa kila mtu. Dola 100,000 za wanandoa hao hutoa kodi ya dola 3,070, na wakitenganisha watalipa 1,842 na 1,228, ambazo jumla yake ni ileile. Huko hasara ya biashara ya mmoja hairuhusiwi kupunguza mapato ya mwenzake hata kama ritani ni ya pamoja, kwa hiyo mwenye duka lililopata hasara asitegemee kuwa mshahara wa mkewe utapata nafuu kwa ajili hiyo.

Massachusetts imetoa funzo lililo wazi zaidi kuhusu jinsi hiari hii inavyoweza kugusa hazina ya jimbo. Mnamo Novemba 2022 wapiga kura wake walikubali nyongeza ya asilimia 4 kwenye mapato yanayozidi dola milioni moja, ikaanza kutozwa mwaka 2023. Wanandoa wenye mapato makubwa wangeweza kuwasilisha pamoja kwa serikali kuu na kutenganisha jimboni, kila mmoja akabaki chini ya milioni yake. Bunge la jimbo liliuziba mwanya huo kwa sheria ya mwaka 2023: kuanzia mwaka wa kodi wa 2024, waliowasilisha pamoja kwa serikali kuu kwa jumla wanapaswa kufanya hivyo na jimboni.

Lakini kwa watu wa kipato cha kawaida, sababu yenye nguvu zaidi ya kutenganisha ni makazi. Mfikirie mume anayeishi na kufanya kazi Buffalo, jimbo la New York, na mke ambaye makazi yake na ajira yake viko Houston, Texas. Kwa serikali kuu wanawasilisha ritani moja bila tatizo. Kwa New York, mmoja ni mkaazi na mwingine si mkaazi, na kanuni ya jimbo hilo ni kwamba watu kama hao hutenganisha ritani za jimbo, isipokuwa wakichagua wenyewe kuhesabiwa wote wawili kuwa wakaazi. Wakichagua hivyo, mshahara wa Houston, ambao Texas haiutozi kodi, utaingia katika hesabu ya New York. Hili ni kosa la gharama kubwa, na ni rahisi kulifanya, kwa sababu ritani ya pamoja ya serikali kuu iko tayari mezani na mtu huona ni wepesi kunakili tarakimu zake. Kazi inayotakiwa ni kuandaa kwanza hesabu ya mfano, kana kwamba ritani za serikali kuu nazo zilitenganishwa, kisha kutoa humo mapato na makato ya mume peke yake. Mke naye aangalie siku anazokaa Buffalo, kwa maana mtu mwenye nyumba ya kudumu ya kuishi New York, hata kama makazi yake rasmi yako jimbo jingine, anayekaa humo siku 184 au zaidi katika mwaka anaweza kuhesabiwa mkaazi kwa madhumuni ya kodi.

Kuna majimbo tisa ambako kutenganisha ritani hakutenganishi mapato. California, Arizona, Wisconsin, Louisiana, Idaho na New Mexico, pamoja na Texas, Nevada na Washington, yana sheria inayohesabu kipato cha kazi ndani ya ndoa kuwa mali ya wote wawili kwa nusu. Mke akipata dola 90,000 na mume 10,000, kila ritani tofauti kwa jumla itaonyesha dola 50,000. Mahakama ya Juu ya Marekani iliukubali mgawanyo huo mwaka 1930 katika kesi ya wanandoa wa Washington, Poe dhidi ya Seaborn, na manung'uniko ya majimbo mengine yalichangia sheria ya mwaka 1948 iliyowapa wanandoa wa nchi nzima nafuu ya ritani ya pamoja.

Upande wa dhamana nauona kuwa mzito kuliko tarakimu zote hizi. Anayetia sahihi ritani ya pamoja ya serikali kuu anakubali kudaiwa kodi yote, si nusu yake, pamoja na adhabu za makosa ya mwenzake, na talaka haiifuti dhamana hiyo. Majimbo mengi yana kanuni ya namna hiyo. Asiyejua kilichomo katika biashara ya mwenzake ana haki ya kutaka ritani yake mwenyewe, na kumwita mtu huyo msaliti ni kumwonea. Upo utaratibu wa kuomba kuondolewa deni kwa mwenzi asiye na hatia, lakini huhitaji ushahidi na muda.

Kutenganisha kuna bei yake. Kwa serikali kuu, wanaotenganisha hupoteza nafuu za ada za masomo na makato ya riba ya mkopo wa elimu, na mmoja akiorodhesha makato yake moja moja, mwenzake hawezi kuchukua kile kiwango cha kawaida cha makato kinachotolewa bila orodha. Ambaye mwenzi wake yuko Tanzania au Kenya na hajawa mkaazi wa Marekani kikodi hawezi kuwasilisha pamoja naye mpaka wote wawili wakubali mwenzi huyo ahesabiwe mkaazi, na hapo mapato yake ya nyumbani nayo hutakiwa kutajwa.

Uamuzi una muda wake. Waliotenganisha kwa serikali kuu wanaweza kubadili na kuwasilisha pamoja ndani ya miaka mitatu. Waliowasilisha pamoja hawawezi kutenganisha baada ya siku ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni tarehe 15 Aprili.