Je, wajua kwa nini Mombasa waweza kununua nyumba na ardhi ikabaki ya mwengine?

Ukipita Majengo, Kisauni au Likoni utamsikia dalali akimwambia mteja "hii bei yake ni poa lakini ni bila ardhi", na mteja kama ni mtu wa bara anacheka, adhani ni mzaha, nyumba bila ardhi itakuwaje, kwani inaelea? Haielei bana. Kuta, mabati, milango na vyumba sita ni vyako, lakini mchanga ulio chini una mwenyewe na kila mwezi wamlipa kodi ya ardhi. Kama wewe ni kijana waanza udalali, ama una vijisenti wataka nyumba ya kupangisha, lielewe hili kwanza kabla hata hujajua bei za Nyali.

Ilianzaje? Mila za huku na sheria ya Kiislamu zakubali kwamba kilichosimama juu ya ardhi kiwe na mwenyewe na ardhi nayo iwe na mwenyewe. Mnazi wa huyu ulikuwa kwenye shamba la yule na hakuna aliyeshangaa. Sheria ya Kiingereza ndiyo yasema kilichoshikana na ardhi kinafuata ardhi. Sasa mwaka 1908 mkoloni akaleta sheria ya hati za ardhi kwa huu ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, kila mwenye dai aende akaandikishe, walio na habari na karatasi wakaenda, wengi hasa Wamijikenda wakakosa, na ardhi isiyodaiwa na mtu ikawa ya serikali ya Uingereza. Hivo mashamba makubwa yakabaki kwa watu wachache, wengine hata huku hawaishi. Reli na bandari zikaleta watu wa kazi, wataka pa kulala, mwenye shamba hataki kuuza, akawaambia jengeni mnilipe kodi. Ndiyo zile nyumba za Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, choo na jiko uwani, mwenye nyumba alala kimoja na vilivyobaki apangisha.

Kwa hivo ukinunua, karatasi utakayopewa si taito, yaani hati ya kumiliki ardhi. Ni mkataba wa mauziano ya nyumba, uandikwe na wakili, na mwenye ardhi akubali na akuandike kwenye buku lake kuwa sasa ni wewe. Hapo maswali ni mawili, usiyachanganye: nyumba ni ya nani, na ardhi ni ya nani. La kwanza majirani na risiti za zamani za kodi ya ardhi zitakujibu. La pili usimuulize muuzaji, nenda ukafanye sachi, yaani uangaliziwe rekodi, ofisi ya ardhi uone jina lililoandikwa, halafu ulinganishe na yule anayekuja kukusanya kodi, maana mara nyengine mwenyewe alifariki zamani, mirathi haijagawanywa, na anayekusanya ni mpwa tu aliyejipa kazi.

Kuhusu hizo risiti, sikiza. Kwenye baraza watakwambia "kaa miaka 12 hiyo ardhi ni yako". Sheria hiyo ipo kweli, lakini ni ya mtu aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Wewe unayelipa kodi umekaa kwa ruhusa yake, hata ukae 40. Yaani risiti ile ile inayokukinga usiitwe mvamizi ndiyo inayokufungia mlango wa kudai ardhi. Wapo wanaoacha kulipa makusudi ili miaka ianze kuhesabika, na mimi naona huo ni ujinga, wampa mwenye ardhi sababu nzuri ya kukutoa. Uliza pia kama ardhi ni wakfu, yaani imetolewa kwa ajili ya dini au hisani. Wakfu hauuzwi, kwa hivo ile ndoto ya "baadaye nitainunua na ardhi" isahau, lakini upande mwengine huamki asubuhi ukaambiwa ardhi imeuziwa mtu anayetaka kujenga ghorofa.

Benki nayo haitaki kusikia, hakuna taito ya kuweka rehani, na ndiyo maana bei yake iko chini. Mimi naihesabu kama mashine ya pesa yenye muda wake, sio urithi wa wajukuu. Tuseme wainunua shilingi milioni 1, vyumba sita, kila kimoja 4,500 kwa mwezi, mwaka mzima ni 324,000. Toa mwezi mmoja wa vyumba kukaa vitupu, yabaki 297,000. Kodi ya serikali, ya KRA (mamlaka ya mapato), tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya unachokusanya, ukipita 288,000 kwa mwaka, hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hapo ni kama 22,000. Toa fundi na rangi 60,000, kodi ya ardhi tuseme 6,000 kwa mwaka. Umebaki na kama 209,000, pesa yako yarudi karibu miaka mitano. Ikiwa hesabu yako yasema miaka kumi, wacha. Na chumba ambacho kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi kiko chini ya sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, huwezi kupandisha wala kumfukuza mtu upendavyo.

Kitu chengine ni maji. Ya mfereji yaja kwa zamu, ya kisima sehemu nyingi ni ya chumvi, mpangaji asubuhi atafuta mkokoteni wa mitungi. Weka tangi kabla ya tailizi, utaona chumba hakikai kitupu.

Kwa madalali, kazi hii yataka usajili wa Bodi ya Maajenti wa Nyumba, sheria iko tangu 1984, japo wengi wetu tulianzia na simu tu. Na ukiweka tangazo andika "bila ardhi" mstari wa kwanza. Mimi niliwahi kuliacha neno hilo, mteja akapanda treni ya SGR kutoka Nairobi na mkewe, tumesimama mlangoni aniuliza namba ya taito. Walirudi jioni ile ile, na tiketi nililipa mimi.