Wasichana wa Ghuba wanasoma, tena wanawashinda wavulana

Kila nikimaliza kuzungumza juu ya elimu katika nchi za Kiarabu, mkono wa kwanza kunyanyuliwa huja na lilelile: "Lakini si kule mtoto wa kike haruhusiwi kusoma?" Nimeulizwa na walimu, na wanafunzi wa uzamili, hata na watu wenye shangazi zao Muscat. Jibu la sentensi mbili halitoshi tena.

Historia naipitia mbio. Kabla ya Julai 1970, Oman ilikuwa na shule tatu tu za serikali, zote za wavulana. Msichana aliyesoma, kwa kawaida alisoma chuoni, Kurani. Alipoingia madarakani Sultan Qaboos, madarasa yakafunguliwa hata kwenye mahema na chini ya miti, wasichana wamo, na walimu wakaletwa kutoka Misri, Sudan na Jordan. Wakarudi pia Waomani wa Zanzibar na wa bara ya Afrika Mashariki, na kati yao wanawake waliokwisha kusoma, wakashika kazi maofisini, hospitalini na mashuleni ingawa wengi Kiarabu kilikuwa bado kinawapa taabu. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kikafunguliwa 1986. Saudi Arabia ilianzisha shule za serikali za wasichana mwaka 1960. Katika mji wa Buraydah watu walizipinga, na ili kuwatuliza wapinzani zikawekwa chini ya mashehe hadi 2002. Kwa hiyo upinzani ulikuwepo, lakini ulishindwa zamani.

Leo hali imepinduka. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kiligawa nafasi za baadhi ya vitivo kwa jinsia, na msichana akatakiwa kuleta alama za juu kuliko mvulana ili apate kiti kilekile. Chuo Kikuu cha Kuwait nacho kilifanya hivyo. Nchi isiyosomesha wasichana haina haja ya kanuni ya namna hiyo! Tena kanuni yenyewe ni dhuluma: binti amejitahidi kuliko wenzake, kisha juhudi yake inageuzwa kuwa kizingiti.

Kwa nini wavulana wamebaki nyuma? Hapa vitabu vyetu vya kozi vina majibu mawili yaliyonyooka mno. La kwanza ni ajira: mvulana anajua jeshi na polisi watamchukua hata kwa cheti dhaifu, basi ajitese kwa nini? La pili ni walimu: shule zimetenganishwa, wasichana wanafundishwa na wanawake wenyeji wanaouheshimu ualimu, na wavulana kwa muda mrefu wamefundishwa na wageni wa mkataba ambao mwakani huenda wasiwepo. Mimi mwenyewe nimeyafundisha majibu haya, na nadhani kila moja lina ukweli wake.

Lakini tazama Oman. Tangu mageuzi ya 1998, shule za serikali za elimu ya msingi zinawachanganya wavulana na wasichana darasa la kwanza hadi la nne, na wanaowafundisha wote ni walimu wanawake. Utengano unaanza darasa la tano. Sasa chukua matokeo ya mtihani wa kimataifa wa TIMSS: wasichana wa Oman wako mbele sana kwa hisabati na sayansi tayari darasa la nne. Mtoto wa miaka tisa hawazi mshahara wa jeshi, na mwalimu aliyemfundisha ndiye aliyemfundisha dada yake. Kwa hiyo pengo limeanza kabla ya sababu zetu zote mbili. Nashuku nyumbani kuliko darasani: binti anabaki ndani na daftari lake, kaka yake anaachiwa barabara tangu mdogo. Dhana hiyo haijanitosha bado, ila data ya darasa la nne hainiruhusu kuendelea kufundisha majibu yale kana kwamba yanamaliza kazi.

Wanaoulizia shule wangeulizia kazi, wangekuwa wamegusa penyewe. Jordan wanawake ni zaidi ya nusu ya wanafunzi wa vyuo vikuu, lakini kati ya wanawake wazima takriban mmoja tu kwa kila saba yuko kwenye soko la ajira. Saudi Arabia, kati ya 2017 na 2022, ushiriki wa wanawake wenyeji ulipanda kutoka chini ya asilimia 20 hadi zaidi ya 30. Hakuna mtaala unaoweza kufanya hivyo kwa miaka mitano. Shahada walikuwa nazo tayari. Kilichobadilika ni ruhusa ya kuendesha gari mwaka 2018, haki ya kupata pasipoti bila idhini ya mlezi mwaka 2019, na waajiri kuanza kuwataka. Jordan sheria haikumkataza mwanamke kuendesha gari, lakini mama mwenye shahada akitoa nauli na ada ya kulelewa mtoto kwenye mshahara wa ualimu wa shule binafsi, mara nyingi hakibaki cha kumtoa nyumbani.