Roho kwenda mbinguni siyo ufufuko

Kaa kwenye msiba wowote wa Kikristo huku Masasi, chini ya mkorosho wakati turubai halijafungwa, na haitachelewa kusikika: "Huu mwili ni udongo tu, mwenyewe keshafufuka." Wanafarijiana, sawa. Ila Kanisa halifundishi hivyo.

Kanuni ya Imani inayosaliwa Ndanda kila Jumapili inasema "nangojea na ufufuko wa wafu". Nangojea! Makanisa mengi hufundisha kwamba roho ya mwamini inakuwa kwa Mungu tangu kifo. Wasabato wao husema marehemu amelala. Kwa vyovyote, ufufuko bado, na unahusu mwili.

Wengine hutaja Lazaro. Yule alirudishiwa uhai uleule baada ya siku nne kaburini, na kifo kilikuwa bado kinamngoja. Yesu ni habari nyingine kabisa. Luka 24 inamwonyesha akila kipande cha samaki wa kuokwa mbele ya wanafunzi waliodhani wanaona mzimu. Yohana 20 inasema aliwatokea milango imefungwa, na majeraha yake yanaonekana. Mwili ni wake, lakini umebadilika, haufi tena. Ndiyo maana 1 Wakorintho 15 inamwita "limbuko", yaani zao la kwanza la mavuno: wengine watafuata atakaporudi.

Na wavuvi wa Lindi waliopotelea baharini, wasio na kaburi? Ufunuo 20:13 inajibu moja kwa moja: bahari itawatoa wafu wake. Ufufuko hautegemei jeneza.