Mshipa una panda, stenti imenyooka

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma, chembamba kama mrija wa wino wa kalamu. Hubanwa juu ya puto lililonywea, ikapitishwa kwa katheta, yaani mpira mwembamba mrefu, kutoka kwenye kifundo cha mkono au kinena hadi kwenye moyo. Puto likijazwa, wavu hutanuka na kuuacha mshipa wazi. Wagonjwa wa kwanza kuwekewa stenti ya moyo walitibiwa mwaka 1986, Ufaransa na Uswisi. Kwenye mshipa ulionyooka, kazi hii tumeizoea. Mtihani uko pale mshipa unapogawanyika mfano wa panda ya manati.

Na hapo ndipo mafuta yanapopenda kuganda. Ncha ya katikati, inayoigawa damu, huoshwa na mkondo wenye kasi na mara nyingi hubaki safi. Kwenye kuta za nje, zinazoikabili ncha hiyo, damu hupita pole pole na kujizungusha, na utando wa mafuta hupata pa kukaa. Kati ya kila matibabu 100 ya kuzibua mishipa ya moyo, kama 15 hadi 20 huhusu panda.

Basi si mtengeneze stenti yenye umbo la Y? Swali hili naulizwa sana, na jibu ni kwamba zilishatengenezwa. Lakini ni nene kuzipitisha kwenye kona, zinahitaji kuzungushwa mpaka mdomo wa pembeni ulielekee tawi lake barabara, na hakuna panda mbili zenye pembe moja. Ndiyo maana wengi wetu bado tunatumia stenti ya kawaida.

Tatizo lake ni kipenyo. Chukua matawi mawili, moja la milimita 3 na jingine la 2.5. Kanuni yetu ni kuyajumlisha na kuzidisha kwa 0.678: shina, yaani mshipa kabla haujagawanyika, linakuja karibu milimita 3.7. Stenti iliyolitosha tawi kubwa itapwaya kwenye shina, na vijiti vya wavu visivyogusa ukuta hualika damu igande. Kwa hiyo tunaingiza puto jingine, fupi na pana, tunalijaza ndani ya shina tu, likiishia jirani na ncha. Wavu hukaa sawa, na matundu yanayoelekea tawi la pembeni hufunguka zaidi.

Mbunifu wa stenti analazimika kuliwaza puto hilo la pili mapema. Vijiti vya siku hizi vina unene wa kama milimita 0.06 hadi 0.08, karibu nusu ya vile vya zamani, na damu huvipita kwa urahisi. Viungio vinavyoshikanisha vijiti hivyo vikiwa vichache, tundu hutanuka vizuri. Vikizidi kuwa vichache, wavu huvutika au kujikunja kifaa kingine kinapoukwaruza. Tena kila stenti ina ukomo wa kutanuka, nao lazima ulifikie shina.

Stenti mbili nazifikiria tawi la pembeni likiwa kubwa na limeziba sehemu ndefu. Vinginevyo naanza na moja. Mara nyingi, baada ya hapo, mdomo wa tawi huonekana kwenye picha umebanwa, kwa sababu ncha imesukumwa pembeni. Picha hiyo hudanganya. Tunapitisha waya wenye kipima shinikizo, tunampa mgonjwa dawa ya kutanua mishipa, na shinikizo la damu iliyokwisha kupita mbano likiwa zaidi ya asilimia 80 ya lile la kabla ya mbano, tawi hilo tunaliacha kama lilivyo.